Malengelenge ya Mgeni

Siku ya kuniaga walinipa kitenge, keki na saa ya ukutani, na kila aliyeshika maikrofoni alisema nimeacha pengo. Pengo gani? Kiti changu kilikaliwa kabla keki haijaisha. Baadaye wawili wenu, vijana wa idara ya mifugo, mkanifuata nyumbani mkasema, "Mama, tuandikie basi hata kidogo, hasa ile habari ya nyoka." Haya, naandika. Vyeo na mishahara sitagusa, maana havikunifundisha kitu. Nitaandika habari za ngozi, na habari za mama mmoja aliyefuga chatu, na mkitaka kucheka chekeni mwanzoni, kwa sababu mbele huko hakuna cha kuchekesha.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa kijiji cha Kate, huku huku Rukwa. Nilishuka kwenye lori la mahindi mvua ikinyesha, nimevaa gambuti zilizonizidi mguu. Mzee wa kwanza niliyekutana naye nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akauliza bwana mifugo yuko wapi. Nikamwambia ndiye mimi. Akachungulia nyuma yangu aone kama kuna mtu mwingine anakuja. Kwa muda mrefu pale kijijini nilijulikana kama mke wa bwana mifugo ambaye bado hajaripoti. Wenye ng'ombe walinipa pole kwa kuachwa peke yangu.

Aliyeninusuru ni Mzee Oswadi, msaidizi wa mifugo wa siku nyingi aliyekuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Alikuwa mtu wa kijiji cha Mwazye kama mimi, kwa hiyo alikuwa akinigombeza kwa Kifipa ili wafugaji waliohamia kutoka mbali wasielewe natukanwa nini. Mara ya kwanza nilipomwona ng'ombe mwenye vidonda niliruka kumshika. Mzee akanipiga kofi mkononi. "Binti, unashika nini na wewe hujui? Nusa kwanza. Halafu tazama. Halafu muulize mwenyewe huyu mnyama analala wapi. Mikono yako mwisho." Nilichukia. Lakini lile swali la mnyama analala wapi limenisaidia kuliko sindano yoyote niliyowahi kushika. Vidonda vingi vya ngozi vinaanzia kwenye malazi, na mwenye mnyama hawezi kukwambia hivyo mwenyewe, kwa sababu kwake malazi ni kitu cha kawaida, hakioni.

Nyoka hatukufundishwa. Chuoni nyoka alikuwa kitu kinachouma ng'ombe, basi. Miaka yangu yote ya Kate na ile ya kituo kilichofuata, Kalambo, sikumtibu hata mmoja, wala sikutegemea. Nilihamishiwa Sumbawanga mjini nikijua nitamalizia utumishi wangu kwa kuku, mbwa na nguruwe wa watu wa pembeni mwa mji.

Asubuhi moja ya Julai, na mnaijua Julai ya kwetu, ule upepo wa nyanda za juu unaoingia mpaka kwenye mifupa, nilimkuta mama mmoja mtu mzima kwenye benchi la nje, katikati ya watu wenye kuku. Yeye hakushika kitu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, daktari. Nimeleta habari ya mgonjwa. Ngozi inamsumbua."

"Ng'ombe?"

"Hapana."

"Mbuzi?"

"Mgeni."

"Mgeni wa nani, mama? Kama ni mtu, mpeleke hospitali."

"Ndiyo jina lake," akasema, akatazama chini. "Ni chatu."

Wenye kuku wakasogea wote upande mmoja wa benchi. Mama mwenyewe hakuwa na nyoka pale, lakini watu ndivyo walivyo.

Jina lake lilikuwa Leokadia. Alikuwa Mfipa, Mkatoliki wa jumuiya, mjane. Marehemu mume wake alikuwa Msukuma aliyeshuka na ng'ombe mpaka bonde la Ziwa Rukwa, na zaidi ya ufugaji alikuwa mcheza ngoma ya nyoka. Sikukuu na siku za mnada alikuwa akicheza na chatu shingoni, watu wakishangilia. Alipooa alihamia huku juu kwa mke wake, na chatu wake akamleta. Ndiyo maana akamwita Mgeni. Mzee alipofariki, watu wa wanyamapori walikuja, wakaona kibali cha marehemu, wakamwona mama na umri wake, wakasema akae naye kwa sasa. Niliwahi kumuuliza kwa nini asiwape wamchukue. Akanijibu, "Tumebaki wawili tu tuliomjua yule mzee. Nikimtoa huyu nitaongea na nani?" Hakuwa na mtoto aliye hai.

Nilikwenda kwake mchana ule ule. Nyumba ya tofali za kuchoma, jiko la nje, na ndani ya jiko sanduku kubwa la mbao lenye wavu juu. Nilisimama mlangoni nikanusa, kama Mzee Oswadi alivyonifundisha. Mahali anapokaa nyoka mzima hapanuki sana. Pale palinuka uozo mtamu, ule wa kidonda kilichofunikwa. Nikajua kabla sijafungua.

"Majirani wananiambia anajivua tu," akasema mama. "Fridolini huyu wa hapa jirani alimwona, akasema anajivua, tumwache."

Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu neno hili linaua nyoka. Nyoka anayejivua anafifia mwili mzima, kichwa mpaka mkia, na macho yanaingia ukungu wa bluu. Baada ya muda macho yanarudi kung'aa, halafu ngozi inatoka, ikiwezekana nzima kama soksi. Hatoi harufu wala maji. Mgonjwa haonekani hivyo. Mgonjwa anaharibika mahali na mahali tu. Mgeuze taratibu umwangalie tumbo, maana ndiko kunakoanzia, kwenye yale magamba mapana yanayogusa chini. Kwanza yanakuwa mekundu. Kisha yanaota malengelenge yenye maji. Kisha yanageuka rangi ya kahawia, kingo zinanyanyuka, na ukibonyeza pembeni unaona usaha. Usaha wa nyoka haukamuliki kama wa ng'ombe, unaganda. Angalia pia kuzunguka macho na chini ya kidevu kama kuna utitiri, vidudu vidogo vyeusi vinavyokimbia. Mgeni hakuwa na utitiri. Alikuwa na malengelenge kuanzia katikati ya tumbo mpaka karibu na mkia, na mengine yalikuwa yamepasuka. Macho yake yalikuwa safi kabisa. Kujivua gani huko?

Nikauliza analala wapi. Mama akanionyesha kwa fahari. Chini aliweka maranda ya mbao, na kila siku aliyanyunyizia maji kwa sababu marehemu alimwambia chatu anapenda maji. Na kila asubuhi alimtoa, akampangusa, akampaka mafuta mwili mzima.

"Mafuta?"

"Ya kupaka haya haya. Alikuwa amepauka, daktari. Nimwache apauke, watu waseme simtunzi?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nani kwetu hajakamatwa na mama yake asubuhi ya baridi, akakandamizwa mafuta mpaka masikioni kabla ya kwenda shule? Mtoto aliyepauka ni aibu ya mama. Leokadia alikuwa anamlea yule nyoka kwa namna pekee aliyoijua. Lakini kule bondeni kwenye joto chatu anaingia majini na anatoka kujianika kwenye jiwe la moto. Huku juu alikuwa analala kwenye maranda yaliyolowa, kwenye baridi, amefunikwa mafuta yanayokamata kila uchafu. Ngozi yake ilikuwa inaoza kwa kupendwa.

Nilimwambia hivyo, si kwa ukali. Akaketi kwenye kigoda, akasema, "Basi nimemwua mimi." Nikamwambia bado, na nikisema bado maana yangu ni bado, nyanyuka tufanye kazi.

Dawa tulizonazo mnazijua, na nyingi zimetengenezwa kwa wanyama wenye manyoya. Nilikwenda kwa Mzee Salumu, mwenye duka la pembejeo karibu na stendi, akanipa iodini na dawa ya sindano, akaniazima mizani yake ya kuning'iniza ya kupimia mahindi. Dawa ya nyoka ni kwa uzito, usikisie. Tulimtia Mgeni kwenye kiroba, tukamning'iniza, tukasoma. Mzee Salumu alipojua nilichopima, aliniambia mizani nibaki nayo tu, sadaka. Ninayo mpaka leo.

Sindano ya nyoka inapigwa nusu ya mbele ya mwili, kwenye nyama ya kando ya uti wa mgongo. Damu ya nyuma hupitia kwanza kwenye figo, kwa hiyo ukichoma mkiani dawa inapotea na figo unaziumiza. Malengelenge mazima usiyapasue kwa pupa. Yaliyopasuka osha kwa iodini iliyochanganywa na maji mpaka ifanane na chai ya rangi iliyopoa, kausha kwa pamba, toa gamba lililokufa lenyewe bila kuvuta lililo hai. Maranda tuliyatupa yote. Sanduku tulilisugua, tukalianika juani, tukatandika magazeti makavu, na kila yakichafuka yanabadilishwa. Beseni lake kubwa la maji alilokuwa akijitumbukiza tukaliondoa, akawekewa bakuli la kunywea tu. Na joto. Bila joto mwili wa nyoka haupigani na kitu, hata umchome duka zima. Umeme pale ulikuwa wa kukatikakatika, kwa hiyo tulitumia tofali. Tofali linapashwa jikoni, linavikwa gunia mara mbili, linawekwa upande mmoja wa sanduku tu, ili upande wa pili ubaki wa kupoa. Pima kwa ndani ya kifundo cha mkono wako. Nyoka analala juu ya moto mpaka anaungua, haondoki.

Leokadia alilishika hilo la matofali kama ibada. Nikipita nilimkuta anabadilisha tofali, anasoma magazeti kabla ya kuyatandika, na anamsomea Mgeni. "Anapenda habari za mpira," aliniambia. "Marehemu alikuwa hivyo hivyo." Fridolini jirani naye alikuwa akija kuangalia, na mtoto wake wa kike, Anita, akipanda kwenye tofali za ukuta ili aone. Wakati ule hakuna aliyekuwa na neno baya. Fridolini mwenyewe ndiye aliyeleta gunia la pili. Nawaambia hili ili msifikirie kwamba watu wale walikuwa majambazi tangu mwanzo.

Uponyaji ulikuwa wa polepole. Gamba la nyoka linajengwa upya kwa kujivua, si kwa wiki ya dawa. Mara ya kwanza alijivua vipande vipande, na tumboni kulikuwa bado kubaya. Nikaanza kukata tamaa, nikajifanya sijakata. Mara ya pili ngozi ilitoka nzima. Nilimgeuza, nikapitisha kidole kwenye tumbo kuanzia shingoni, gamba kwa gamba. Makovu yalikuwepo, mepesi. Unyevu hapana, harufu hapana. Nilifurahi kuliko siku yoyote ya kazi yangu, na siku hiyo sikumdai mtu anishukuru.

Mama Leokadia alichukua ile ngozi aliyojivua Mgeni, iliyokuwa na alama za vidonda vya zamani, akaenda nayo bombani wanawake wakiteka maji. Akainua juu. "Oneni jamani. Ugonjwa umetoka. Umetoka na ngozi yake."

Mmoja akamtania, "Umetoka umeenda wapi, mama?"

Wakacheka wote, na yeye akacheka. Aliponisimulia mimi pia nilicheka. Ni mzaha ambao mtu yeyote angeufanya.

Baada ya hapo tetekuwanga ikaingia mtaani. Ilikuwa imeshaanza shuleni, watoto wanaambukizana darasani kama kawaida. Wa kwanza kuugua upande ule wa bomba alikuwa Anita wa Fridolini. Malengelenge yenye maji, tumboni na mgongoni, homa kali, mtoto halali. Zahanati waliwaambia ni tetekuwanga, wakapewa dawa ya kupaka na ya homa. Lakini mama yake Anita alikuwepo bombani siku ile. Alikuwa ameona ngozi ikiinuliwa juu, amesikia neno umetoka, na amesikia swali umeenda wapi. Sasa akawa na jibu nyumbani kwake.

Nilisikia maneno hayo dukani kwa Mzee Salumu. Nilikwenda kwa Fridolini siku hiyo hiyo. Nilimweleza kwamba ugonjwa wa nyoka ule haumpati mtoto kwa namna ile, kwamba watoto wa madarasa mawili wanaumwa na hawajawahi kumwona nyoka. Alinisikiliza kwa adabu, mikono kifuani.

"Daktari, wewe ulimtibu nyoka, sawa?"

"Sawa."

"Malengelenge yake yako wapi?"

"Yamepona, Fridolini."

"Yako wapi?"

Nilieleza tena, akauliza tena lile lile. Ndani mtoto alikuwa akilia kwa kuwashwa. Mtu ambaye mtoto wake analia hivyo haongei na wewe, anaongea na hofu yake.

Nilikwenda kwa uongozi wa mtaa. Wakasema wanalijua, wataitisha mkutano Jumamosi. Nikamwambia Leokadia aondoke kwa muda, aende kwa mdogo wake kule Wampembe, kando ya Ziwa Tanganyika. Akasema aende vipi, na nani atabadilisha matofali? Nikasema nitabadilisha mimi. Akasema basi asubiri Jumamosi, mkutano ukiisha watu wataelewa, maana ni watu anaoabudu nao.

Alhamisi mchana, yeye akiwa kwenye sala ya jumuiya, jiko lake liliwaka. Waliolichoma ni watu wazima, jua la saa saba, kila mtu anamwona mwenzake. Alipoona moshi alirudi mbio akaingia. Aliushika ule wavu wa juu ya sanduku kwa mkono wa kulia, ukamuunguza mpaka kwenye kiwiko. Walimtoa wanawake, baadhi yao wakiwa wale wale wa bombani, na mmoja alikuwa analia. Kesi ilifunguliwa. Mashahidi wote wakasema hawakuwepo. Mtaa mzima siku hiyo ulikuwa umekwenda shamba.

Watu wa wanyamapori waliniita nikague mzoga, maana ni mali ya serikali na lazima iandikwe amekufa kwa nini. Nilivaa glavu nikachuchumaa kwenye majivu. Mgongo ulikuwa umeungua vibaya. Lakini alikuwa amejikunja na kukandamiza tumbo kwenye kona ya chini, juu ya magazeti yaliyokuwa bado na maandishi, na tumbo halikuguswa na moto. Nilimgeuza. Magamba mapya yalikuwa safi na yamelala sawasawa, yanang'aa. Hakukuwa na lengelenge hata moja. Kijana wa wanyamapori akaniuliza, "Mama, mbona unalia, si nyoka huyu?" Nikamwambia aandike moto.

Nilikasirika na sijaacha. Nakutana na Fridolini sokoni, ananisalimia, naitikia. Anita alipona tetekuwanga kama watoto wengine wote, yuko shule, na kila akiniona anasema shikamoo kwa heshima kubwa. Namwitikia marahaba, mwanangu. Yeye kosa lake nini?

Ninyi mnaobaki kazini, mtapelekewa nyoka, kwa sababu vijana wa mjini siku hizi wanafuga kila kitu. Nuseni kwanza, geuzeni tumbo, kausheni, pasheni joto, chomeni mbele. Na mnyama akipona, semeni amepona. Msiseme ugonjwa umetoka, wala umehama, wala umeondoka, na mwenye mnyama akisema hivyo mzuieni pale pale. Kwa watu wetu kitu kilichotoka lazima kiwe kimeingia mahali.

Nilipostaafu, safari yangu ya kwanza ilikuwa Wampembe. Nilimkuta Mama Leokadia ufukweni kwa mdogo wake, anageuza dagaa kwenye wavu kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa kitambaa. Kulikuwa na joto hata nikavua sweta.

"Huku angepapenda," akasema baada ya salamu. Hakuhitaji kumtaja. Halafu akauliza, "Wanasema wewe ndiye uliyemkagua."

"Ni mimi, mama."

"Tumboni?"

"Alikuwa mzima. Gamba kwa gamba."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akaendelea na dagaa. Niliutazama ule mkono. Ni kazi yangu, siwezi kuona kitambaa nikakaa. Nilimwomba, akanipa, nikafungua. Kovu lilikuwa jekundu lakini kavu, limefunga vizuri tangu zamani, vidole vyote vinakunjika.

"Mama, mbona huu mkono umepon..."

Alinibana mdomo kwa mkono wa kushoto, wenye harufu ya samaki. Akageuka kuwatazama wanawake waliokuwa wakianika dagaa jirani yetu, na watoto wao waliokuwa wakicheza mchangani.

"Polepole, daktari," akaninong'oneza. "Hapa wanajua bado naumwa."

Akachukua kitambaa, akanyoosha mkono mzima ule mbele yangu, akangoja nimfunge.